Utumwa uliisha, ulikoma au ulikomeshwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Kisumu. Wanafunzi wangu wanaandaa bunge la mfano, na kwa kufuata sheria ya Juneteenth ya Marekani (sikukuu ya 19 Juni ya kukumbuka uhuru wa watumwa) wameandika "Mswada wa Kusherehekea Kuisha kwa Utumwa". Mwenzangu anashikilia kuwa iwe "Kuadhimisha Kukomeshwa kwa Utumwa". Nani yuko sawa?

JIBU: Mwalimu, mwenzako yuko sawa, hasa kwa hilo neno "kukomeshwa". Kuisha na kukoma hutumika kwa jambo linalojiendea lenyewe. Mvua ya alasiri hapo Kisumu hukoma bila mtu kuikomesha. Utumwa ulikuwa na wenyewe walionufaika nao, na wengi waliung'ang'ania hadi wakashurutishwa kuuacha. Ukisema "ulikomeshwa", msomaji atauliza: na nani, lini, kwa amri gani? Ndiyo maswali ninayotaka wanafunzi wako wayajibu bungeni.

Hapo kwenye "lini" wawe waangalifu. Rais Abraham Lincoln alitangaza ukombozi katika majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863. Hata hivyo, watu wa Texas waliendelea kutumikishwa hadi 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alipofika Galveston na wanajeshi wake na kutangaza kwamba watumwa wote wako huru. Kentucky na Delaware, majimbo ambayo hayakuasi, utumwa ulibaki halali mpaka Desemba mwaka huohuo, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa. Kwa hiyo "utumwa ulikomeshwa Marekani tarehe 19 Juni" si sahihi. Waandike: "siku ambayo uhuru wa watumwa ulitangazwa Texas".

Kosa la aina hiyo tunalifanya hapa kwetu pia, nami hulisoma kila mara kwenye insha za wanafunzi. Mkataba ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Haukumpa uhuru aliyekwisha kununuliwa. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Anayeandika "utumwa ulikomeshwa 1873" anafuta miaka 34 ya watu waliozidi kulima mashamba ya wengine pale Malindi. Biashara ya watumwa ni jambo moja, utumwa ni jingine.

Kusherehekea si kosa la sarufi. Weusi wa Texas waliisherehekea siku ya 19 Juni kwa sala, nyimbo na chakula tangu 1866, zamani kabla ya bunge la jimbo lao kuifanya sikukuu kwa sheria ya 1979. Lakini furaha haiamriwi na bunge. Kinachowezekana kisheria ni kuitukuza siku, na huko ndiko kuadhimisha, kama tunavyoadhimisha Sikukuu ya Mashujaa.

Sasa "mswada". Baraza la Wawakilishi la Marekani liliupitisha wa Juneteenth kwa kura 415 dhidi ya 14, naye Rais Joe Biden akautia saini tarehe 17 Juni 2021. Tangu hapo ni sheria. Wa wanafunzi wako usomeke "Mswada wa Kuadhimisha Kukomeshwa kwa Utumwa". Ukipita na rais wao akautia saini, neno la kwanza libadilishwe kuwa "Sheria", na "wa" iwe "ya".