Sifa ndani ya chesisi

Wiki hii mmeuliza: "Mtu asiye na fedha nyingi akiwa na gari kuukuu nyumbani, aifufue mwenyewe au awauzie wanunuzi wa vyuma chakavu?" Mie ni mshoni, nakaa Wete, Pemba, na ninayo Suzuki Escudo ya milango miwili, ile ya paa la turubai. Jibu langu ni kwamba aifufue, maadamu chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, inakubali. Kama haikubali, awaite hao wa vyuma leo leo, wala asiinunulie hata plagi.

Gari ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Akiikodisha kwa watalii kule Unguja, nao wakiiteremsha mpaka mchangani, mawimbi yakilamba matairi ili wapige picha. Alipoileta Pemba ilikaa chini ya mwembe wetu miaka mitatu. Kuku walitaga kiti cha nyuma, na sikuwafukuza, maana mayai yalikuwa na faida kuliko gari. Siku mtoto wa kaka aliponiambia, "Shangazi, tuipige rangi nyekundu tuiuze," nikamwambia alete nyundo kwanza.

Hapo ndipo watu wengi wanapotupa fedha zao. Escudo za mwanzo, zilizotoka 1988 na kuitwa Vitara katika nchi nyingi nje ya Japani, zina chesisi ya peke yake, na bodi imekalia juu yake kwa bolti. Bodi ikitoboka utaziba. Chesisi ikioza huna tena gari, una kibanda chenye usukani. Tulitandika jamvi tukalala chini yake, tukagonga shibiri kwa shibiri. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Mahali pawili huku nyuma, karibu na springi, nyundo ilizama kama kijiko kwenye boga. Pawili tu. Nikasema alhamdulillahi, hii inakubali.

Kutu ya visiwani si ya uzee. Chesisi ile ina uwazi ndani kama bomba, na imewekewa vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na mchanga wa pwani, chumvi inabaki ndani, nayo chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo hata jua la kaskazi likiwaka, mle ndani hamkauki. Unaweza kuwa na gari inayong'aa juu huku inaliwa chini. Tulizibua vitundu kwa waya, tukaingiza mpira wa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku mbili mfululizo. Mchanga uliotoka ulijaza ndoo, mweupe, laini, wa pwani za huko Unguja alikokuwa akifanyia kazi. Nilitaka kuumwaga, kisha nikauacha kwenye ndoo. Bado upo.

Kijana wa kulehemu tuliyemwita alikuwa na tabia moja: nikimuuliza mimi, anamjibu mtoto wa kaka. Na alitaka kubandika bati juu ya kutu ile ile, afunike, apake rangi nyeusi, mambo yaishe. Nikamuuliza, "Mwanangu, ukitia kiraka kwenye kanzu iliyooza, uzi utashika nini?" Tangu hapo akanijibu mimi. Alikata mpaka akafika kwenye chuma cheupe, ndipo akachomea. Kabla ya hapo betri ilitolewa, na tangi la petroli, ambalo katika gari hii limekaa nyuma, lilishushwa likapelekwa mbali kabisa. Msidanganyike kwamba tangi tupu halina hatari. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Sasa ile habari ya sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Kupaka chesisi kwa nje ni rahisi, shida ni ndani, ambako brashi haifiki. Wengi hupuliza oili chafu ya injini. Sikuitaka, maana huharibu mipira, na mvua ikinyesha yote inamwagika kwenye udongo tunaolima muhogo. Nikakumbuka mafundi wa mashua na sifa yao, wanayopaka mbao zisiliwe na jua na maji. Mtoto wa kaka alinicheka mpaka akakaa chini. Lakini kuna rangi ya Marekani ya kuzuia kutu, Rust-Oleum, iliyoanza 1921, na mwanzilishi wake alikuwa nahodha aliyeona kutu ya sitaha yake ikikoma pale yalipomwagika mafuta ya samaki. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kupata wazimu huo. Tulikausha chesisi wiki nzima, tukapuliza sifa kwa bomba la dawa ya mimea kupitia vile vitundu, tukiwa tumefunga magurudumu yote kwa mifuko ili tone lisiguse breki.

Haikushika kutu mpya, na ni mwaka wa pili huu. Ila harufu! Paka wa mtaa mzima walihamia chini ya gari. Mwezi mmoja nilikwenda sokoni peke yangu, hakuna aliyeomba lifti.

Upande wa injini sina mengi. Ni ya lita 1.6, nyepesi kufahamika, na fundi wetu aliiwasha kwa kusafisha njia za mafuta na kuweka betri. Mkanda wa taimingi, unaofanya vali na pistoni ziende pamoja, tulibadilisha bila kuuangalia, kwa sababu hakuna aliyejua umri wake. Maji ya breki pia: hunyonya unyevu hata gari ikiwa imesimama, na unyevu ukiingia mabomba huoza kwa ndani. Msiyadondoshee kwenye bodi, yanachubua rangi.

Paa ndiyo kazi yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipookoa fedha nyingi. Lile kuukuu lilikuwa limechanika vipande, lakini sikulitupa. Nilifumua kila mshono kwa wembe, nikavipiga pasi vipande kwa moto mdogo, nikavifanya patani, yaani vielelezo vya kukatia. Turubai jipya nililipata kwenye mkatiko wa turubai la lori. Cherehani yangu ya kukanyaga ililishona, sindano namba 18, pale penye mikunjo minne nikizungusha gurudumu kwa mkono. Uzi ni wa polista. Wa pamba huoza kwa mvua na wa nailoni huchoka kwa jua. Hatua ya mshono iwe ndefu, kama milimita nne. Ukishona karibu karibu unalitoboa turubai mfano wa stempu ya posta, na litachanikia hapo hapo. Kipande cha juu kilalie cha chini, kama makuti yanavyolaliana, halafu pitisha nta juu ya mshono. Na livalishwe saa saba ya mchana, lina joto na linavutika. Mimi mara ya kwanza nililivalisha asubuhi, likapungua vidole vitatu, nikalia machozi ya kweli.

Rangi tulisubiri kipupwe. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi ya kupuliza inafifia na kuwa na ukungu mweupe. Siku tulipotaka kuanza, jirani alikuwa ameanika karafuu zake za mwanzo, hatua ishirini kutoka hapo. Alikuja na ufagio mkononi. Ana haki: harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ikiingia kwenye karafuu, nani atazinunua? Gari tuliisukuma hadi nyuma ya skuli. Sikuipa nyekundu. Ni kijani ya mkarafuu.

Mtoto wa kaka alitaka matairi makubwa kama ya rafiki yake. Tulipiga hesabu pamoja: kutoka saizi 195/80 kwenda 235/75, rimu ile ile ya inchi 15, gurudumu linaongezeka kimo karibu sentimita nne. Spidi mita ikisema 80 unakwenda kama 85, na injini ndogo kama hii inavuta mzigo ambao haikuumbiwa. Matairi yakabaki ya kawaida. Kwa kumliwaza nimemshonea viti vya rangi mbili.

Ukiondoa paa na viti, nusu ya fedha yangu ilikwenda kwenye chuma ambacho hakuna mgeni atakayeinama kukitazama. Mlango wa kushoto bado haufungi mpaka uunyanyue kidogo, na sasa mtoto wa kaka anadai redio. Nimemwambia tuonane baada ya msimu wa karafuu. Kuku nao hawajakubali kuhama. Jana nimekuta yai chini ya usukani.