Mchenjuaji anaondoka, lundo la marudio linabaki

SWALI: Shikamoo Mama Mhandisi. Baba yangu alimkodishia mtu ekari mbili za shamba letu hapa Msalala, akajenga karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na matangi ya kuchenjulia marudio, yaani kutoa dhahabu iliyobaki kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa kemikali ya sumu iitwayo sayanaidi. Mkataba unaisha Desemba. Nyuma ya matangi kuna lundo la mchanga lililopita urefu wa nyumba. Mwenye matangi anasema anatuachia kama zawadi: tufyatulie matofali, au tusambaze shambani tulime. Mama ameshaanza kuulizia mbegu za mahindi. Fundi naye anausifu mchanga, anasema ni laini. Je, tukubali? Na kama hatukubali, nani wa kuuondoa?
*Msomaji, Msalala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikubali, na mwambie mama asubiri kwanza kununua hiyo mbegu.

Sayanaidi yenyewe siyo hofu yangu kubwa hapo. Ikikaa juani na hewani, sehemu yake kubwa huvunjika. Shida ni kwamba marudio ni mchanga uliokwisha kukamatishwa dhahabu kwa zebaki mwaloni, yaani pale wachimbaji wanapooshea mchanga, kabla haujafika kwenye matangi hayo. Zebaki haiozi wala haivunjiki. Ikikutana na sayanaidi, sehemu yake huyeyuka na kusafiri na maji kirahisi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kuchenjua kwa sayanaidi mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vibaya vinavyopaswa kukomeshwa. Ongeza na aseniki, sumu nyingine ambayo miamba mingi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa huwa nayo. Mchanga wa namna hiyo hauingii kwenye ukuta wa chumba anacholala mtoto, wala kwenye shamba la chakula. Ulaini anaousifu fundi umetokana na kusagwa na karasha, na vumbi lake huingia kifuani kwa urahisi zaidi.

Sasa, nani auondoe? Aliyeuleta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imesimama juu ya msingi kwamba mchafuzi hulipa. Mwombaji wa leseni ya uchenjuaji naye hutakiwa kueleza mazingira atayalinda vipi. Mwombeni awaonyeshe leseni na mpango huo, kisha someni alichoahidi kuhusu mabaki. Akikataa, Afisa Madini Mkazi wa eneo lenu anaweza kumtaka avionyeshe.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mabwawa ya topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji, ya migodi mikubwa, na kinachoniumiza ni hiki: mgodi mkubwa huandaa mpango wa kuufunga ukiwa bado unachimba, kamati ya kitaifa inaupitia, na mwenye mgodi anaweka dhamana ya fedha ya kukarabati ardhi. Huku kwenu fedha hiyo hakuna anayeishika. Mwenye matangi akishapakia mitambo yake kwenye lori, mmebaki na lundo na namba ya simu isiyopatikana. Kwa hiyo nguvu yenu iko kabla ya Desemba. Mitambo isitoke hadi mkubaliane kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji, lini lundo litaondolewa na kwa gharama ya nani. Nakala ya makubaliano ipelekeni kwa Afisa Madini Mkazi na kwa afisa mazingira wa halmashauri.

Kabla ya hapo, pimisheni. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza. Ulizeni kwanza namna ya kuchukua sampuli, maana konzi moja ya juu ya lundo haisemi lolote: hutolewa sehemu mbalimbali na kina mbalimbali. Ombeni wapime zebaki, aseniki, madini ya risasi, sayanaidi na uasidi. Asiushike mtu kwa mikono mitupu.

Kwa maoni yangu lundo lihamishiwe kwenye bwawa lililoruhusiwa, lenye sakafu ya plastiki nzito. Ikishindikana, basi lizikwe hapo hapo kitaalamu: kingo zilazwe ziwe mteremko mdogo, mtaro uchimbwe upande wa juu kukwepesha mvua, juu yake ushindiliwe udongo wa mfinyanzi, kisha udongo wa shamba na nyasi. Miti yenye mizizi mirefu hapana, mbuzi hapana. Kingo za lundo msizidharau. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipobomoka, tope lilifika kwenye nyumba na mashamba ya watu, ingawa kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Lenu ni dogo, lakini masika hayaangalii udogo.

Atakuja pia mtu kutaka kulinunua alichenjue tena, akidai dhahabu bado imo. Huenda kweli imo. Mwambie baba asiuze bila leseni ya mnunuzi kuonekana, kwa sababu atakachowaachia kitakuwa kilekile, kimekorogwa upya.

Hukuniambia kisima kiko wapi. Kama kiko chini ya mteremko kutoka kwenye matangi, acheni kukinywa leo na maji yake yapimwe pamoja na mchanga. Kuyachemsha hakuondoi zebaki wala aseniki.