Manyunyu ya Kwanza Ndiyo ya Kuogopa

Masika yakianza hapa Dar es Salaam, mwezi wa tatu hivi, bodaboda wengi huogopa mvua kubwa. Mimi naogopa manyunyu. Mvua kubwa huiosha barabara. Manyunyu hayaoshi kitu, yanalowesha tu vumbi na oili iliyodondoka kwenye magari kipindi chote cha jua, na hapo lami inateleza vibaya mno. Matone ya kwanza yakianguka napunguza mwendo palepale, na nikiweza najibanza mahali mpaka mvua ikolee.

Pabaya zaidi ni kwenye mataa, katikati ya njia, ambapo malori na daladala husimama na kudondosha oili. Mistari ya pundamilia nayo inateleza, na mifuniko ya chuma ya mitaro. Hapo pita pikipiki ikiwa wima, usikate kona, usiguse breki.

Kuhusu breki nina neno. Vijiweni tumerithishana woga wa breki ya mbele: ukiishika tu, unarushwa. Matokeo yake mtu anakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linagoma kuzunguka, mkia wa pikipiki unahama na wote mko chini. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linalokusimamisha. Tumia zote mbili, na ya mbele uibane kwa vidole viwili, polepole, kama unapima embe limeiva. Anza mapema, na nafasi kati yako na gari la mbele iwe angalau mara mbili ya unayoacha siku kavu. Tafuta uwanja mtupu ufanye mazoezi. Tairi likiwa kipara, haya yote ni kazi bure.

Kuna wenzetu wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Kwenye udongo mwekundu wa Goba mvua ikinyesha, naomba sana, msifanye hivyo. Teremka na gia ya kwanza au ya pili, achia klachi, injini ikushikie pikipiki.

Abiria naye ana haraka zake. Mama mmoja niliyempakia Kariakoo aliniambia, "Mwanangu, kaza kidogo, nimechelewa." Nikamwambia, "Mama, barabara imelowa, nivumilie, nitakufikisha." Akanyamaza. Kabla hatujaondoka nilikuwa nimemwomba akusanye baibui lake alikalie, maana pindo lililolowa huning'inia na kunaswa na cheni au spoku. Koti lako la mvua pia lifunge vizuri.

Maji yakifurika bonde la Jangwani, usijaribu kuvuka. Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kufika magotini ili yakuangushe, na chini huoni shimo wala mtaro. Zunguka, au rudi. Dimbwi lililotulia ambalo chini yake unapajua, pita kwa gia ya kwanza bila kulegeza mkono wa mafuta, maji yasije yakaingia kwenye eksozi. Ukishatoka, endesha taratibu huku ukigusa breki kidogokidogo zikauke, hasa za dramu, kwa kuwa zikilowa hazishiki.

Jioni futa matope kwenye cheni, uipake oili. Diski ya breki isiguswe hata na tone moja.