Hedi imechongwa, pushirodi je?

Kaka, umeuliza kama pushirodi za zamani, zile fito za chuma zinazosukuma roka, zitafaa maadam hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, imeshachongwa huko Changamwe. Usikisie, pima. Hedi ikipungua nusu milimita, roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zinashuka nayo, na pushirodi inageuka ndefu kwa kiasi hichohicho. Roka zenye skrubu utazirekebisha. Balaa ni tapeti za oili (vikombe vinavyosukuma pushirodi kutoka chini, ndani vina oili) kwenye roka zisizo na skrubu: zikikandamizwa mpaka mwisho, valvu haifungi sawasawa na kompresheni inapotea.

Funga hedi kwa torki kamili, na gasketi ya unene utakaoutumia. Weka tapeti ngumu, isiyobonyea, na pushirodi ya kupimia, ile inayorefushwa kwa nyuzi. Paka wino wa maka kwenye ncha ya valvu, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kisha fungua utazame mkwaruzo. Uwe mwembamba, karibu na katikati. Mimi wembamba naujali zaidi. Haujakaa vizuri? Badili urefu, rudia. Ukirudisha tapeti za oili, ongeza urefu wa mkandamizo, yaani kiasi tapeti inachobonyezwa, kama kitabu cha injini kinavyosema. Nyingi hutaka kati ya milimita 0.5 na 1.

Halafu hizo pushirodi za kuokoteza kwa wauza spea kuukuu, bingirisha kila moja juu ya kioo. Iliyopinda utaiona ikirukaruka.