Wasomaji Wauliza: Video za Hesabu na Chapati Iliyokatwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu na nauza mitumba sokoni hapa Busia. Kijana wangu wa pili yuko darasa la tano, na mwalimu wake alitushauri tumtafutie masomo mafupi ya hesabu ya video. Kila jioni nampa simu, anatazama video tatu za hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kisha ananiambia ameelewa. Juzi nilimuuliza nusu jumlisha theluthi ni ngapi, naye akaandika 2/5 bila kusita. Mimi niliishia darasa la sita, lakini niliona kuna kasoro. Je, video hizi zinamsaidia, au ninamaliza data yangu bure?

JIBU: Mama, jicho lako halikukudanganya. Kabla hatujailaumu simu, chukua chapati mbili za ukubwa mmoja. Kutoka ya kwanza mkatie nusu, kutoka ya pili mkatie theluthi, uziweke pamoja kwenye sahani, kisha umuulize kama alichonacho kimezidi nusu chapati au kimepungua. Atakuambia kimezidi, na hapo ndipo umwonyeshe kwamba 2/5 aliyoiandika ni ndogo kuliko nusu: amejumlisha, akaishia na kidogo kuliko alichoanza nacho. Mwache anyamaze kidogo na kulifikiria jambo hilo, usimkimbilie na jibu. Kisha kata tena, vipande vyote viwe sawa na kimoja cha sita cha chapati: nusu itatoa vipande vitatu, theluthi itatoa viwili, jumla 5/6. Ile sita ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, ambacho mwalimu wa kwenye video huenda alikitaja mara kumi.

Kosa lake linajulikana kwa kila aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa la tano: amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, kwa sababu bado anaiona sehemu kama namba mbili zilizopandana, si namba moja yenye ukubwa wake. Video haiwezi kuligundua hilo, maana hailioni daftari lake. Anayemtazama fundi akikata kitambaa hudhani naye anaweza, mpaka ashike mkasi.

Kwa hiyo nashauri video moja kwa jioni, si tatu, na daftari liwe wazi tangu mwanzo. Swali likishaandikwa kwenye skrini, asimamishe video kabla mwalimu hajaanza kulitatua, ajaribu mwenyewe, ndipo aendelee na kulinganisha. Kesho yake, kabla hajapewa simu, arudie swali lile lile bila msaada. Huu ndio ubora hasa wa masomo haya. Salman Khan, Mmarekani ambaye masomo yake ya hesabu yanatazamwa duniani kote, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake kwa mbali, na mwaka 2006 akaanza kuweka video kwenye YouTube; ndugu zake wakamwambia wanazipenda kuliko yeye mwenyewe, kwa kuwa wangeweza kumsimamisha na kumrudia bila kuona haya. Lakini tangu mwanzo alikuwapo mtu wa kuwauliza maswali, na nyumbani kwako mtu huyo ni wewe. Huhitaji kujua jibu, muulize tu, “Kwa nini?”

Jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko wingi wa video, ni lugha. Katika mtaala wetu wa Uganda watoto wengi huanza kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, darasa la nne huwa la mpito, na la tano hufundishwa kwa Kiingereza. Mwambie akusimulie video kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani. Akishindwa, basi amekariri maneno tu. Nusu, theluthi na robo anazisikia kila siku sokoni, azitumie hizo.

Mpime pia kwenye jedwali la kuzidisha. Kama 6 mara 7 bado anaihesabu kwa vidole, mrudishe kwenye video za darasa la tatu bila kumkejeli. Zile za mitihani iliyopita ya darasa la saba ziache kwa sasa, kwa kuwa nyingi hufundisha njia za mkato. Akikutana na video ya Marekani yenye dola na inchi asihofu, kwani sehemu ni zile zile.

SWALI: Msomaji wa Arua anauliza namna ya kupunguza gharama ya data.

JIBU: Punguza ubora wa picha hadi 360 au 240; maandishi makubwa ya ubaoni huwa yanasomeka. Penye intaneti ya bure, hifadhi video za wiki nzima kwenye simu. Shule au msikiti wenye kompyuta moja unaweza kutumia programu ya bure ya Kolibri, ambayo huhifadhi masomo na kuyagawa kwa simu zilizo karibu bila intaneti. Na mtoto anayetazama video moja mara nne, akiisimamisha na kuandika, hutumia data ndogo kuliko anayefungua nne mpya, mradi video hiyo iwe imehifadhiwa.