Usiuruke mstari wa 4
Ndugu, umeuliza ufanyeje ili usomaji wako wa Biblia usibaki hadithi tu. Mimi hurudi kwenye mistari tunayoiruka. Chukua Danieli 6. Wengi tunakimbilia tundu la simba, ila mstari wa 4 unasema maadui walichunguza kazi ya Danieli katika ufalme wasione kosa, kwa kuwa alikuwa mwaminifu. Halafu mstari wa 10: amri ya kukataza kumwomba yeyote ila mfalme imeshatiwa sahihi, naye anapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Hakuanza kuomba siku ya hatari! Sasa jiulize, wakikagua kazi yako leo watakuta nini? Andika jambo moja tu, ulitende wiki hii, ndipo ufungue sura nyingine.