Benchi la ufundi limesimamishwa: tusubiri nini, na tudai nini?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: makocha waliosimamishwa, na mashabiki wanaoendelea kusubiri taarifa. Tumechagua tatu. Majina ya waandishi na ya klabu zao tumeyahifadhi, kwa kuwa mashauri yenyewe bado hayajaamuliwa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanachama mwenye kadi wa klabu inayocheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Klabu yetu ilitoa taarifa kwa umma ya aya moja, ikisema kwamba kocha mkuu, msaidizi wake na kocha wa makipa wamesimamishwa kupisha uchunguzi hadi itakapotangazwa vinginevyo. Tangu hapo timu imecheza mechi tatu chini ya kocha wa timu ya vijana. Tukimuuliza afisa habari, anatuambia tusubiri taarifa rasmi. Kijiweni wapo wanaosema makocha wameuza mechi, wapo wanaosema wanadai mishahara, na wapo wanaoapa kwamba wameshafukuzwa, kilichobaki ni kutangaza tu. Je, hali hii inamaanisha nini, na sisi wanachama tuna haki ya kuambiwa nini? Mwanachama, Morogoro.*

Ndugu mwanachama, katika ile aya moja tafuta kwanza ni nani aliyechukua hatua. Kama ni Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi ya Bodi ya Ligi, ile ambayo wengi bado wanaiita Kamati ya Saa 72, au kamati ya nidhamu ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF), au Shirikisho la Soka Afrika (CAF), basi hiyo ni adhabu: ina idadi ya mechi au muda, ina kifungu cha kanuni kilichovunjwa, na ina njia ya rufaa. Kama ni uongozi wa klabu, kama maelezo yako yanavyoonyesha, basi hakuna aliyehukumiwa. Mwajiri amemwondoa mfanyakazi kazini kwa muda ili tuhuma zichunguzwe, na kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka aendelee kumlipa mshahara wake wote katika kipindi hicho. Kwa hiyo kocha wako bado ni mwajiriwa wa klabu hata kama haonekani mazoezini, na anayesema ameshafukuzwa anasema jambo ambalo, kwa mujibu wa taarifa uliyoinukuu, halijatokea.

Naelewa uchungu wa kukaa gizani, lakini nakuomba usiungane na wale wanaosema kwamba makocha wameuza mechi. Mwaka 2012 kocha Antonio Conte, aliyekuwa ametoka kuipa Juventus ubingwa wa Italia bila kupoteza hata mechi moja ya ligi, alifungiwa miezi 10 kwa madai kwamba alipokuwa akiifundisha Siena alijua kuhusu upangaji wa matokeo na hakutoa taarifa. Msaidizi wake, Angelo Alessio, naye akafungiwa. Hukumu ilitolewa tarehe 10 Agosti, na kesho yake timu ilikuwa na mechi ya Kombe la Super la Italia dhidi ya Napoli, jijini Beijing. Aliyekaa kwenye benchi ni Massimo Carrera, na Juventus ilishinda 4-2 baada ya muda wa nyongeza. Rufaa ya kwanza haikumpunguzia Conte hata siku moja. Ya pili, iliyosikilizwa na mahakama ya usuluhishi ya michezo ya Italia mwezi Oktoba, ilishusha adhabu hadi miezi minne, na Alessio akarudi mapema zaidi na kumpokea Carrera benchi. Conte alirejea tarehe 9 Desemba, ugenini Palermo, timu ikashinda 1-0, na mwisho wa msimu ubingwa ulibaki kwa Juventus kwa pointi 87. Mwaka 2016 mahakama ya jinai ya Cremona ikamwondolea hatia. Fikiria shabiki aliyemhukumu mwezi Agosti 2012 kwa habari za vijiweni, na aliyoyasema hadharani miaka minne kabla ya mahakama kumaliza kazi yake.

Hata hivyo, kusubiri hakuna maana ya kunyamaza. Uongozi una sababu halali ya kutotaja tuhuma zenyewe wakati uchunguzi ukiendelea, kwa sababu kumtuhumu mtu hadharani kabla ya kumsikiliza kunaweza kuigharimu klabu fedha nyingi baadaye. Lakini yapo mambo ambayo yanaweza kusemwa bila kumdhuru yeyote: nani anachunguza, uchunguzi unatarajiwa kukamilika lini, nani anaifundisha timu kwa sasa na ana mamlaka gani juu ya upangaji wa kikosi, na iwapo jambo lenyewe limefikishwa kwenye shirikisho au linashughulikiwa ndani ya klabu. Hili la mwisho ndilo ningelisisitiza kuliko yote. Kama tuhuma ni ya kupanga matokeo, klabu haina ruhusa ya kuimaliza kimyakimya ofisini kwake. Kanuni za nidhamu za FIFA zinamtaka kila mwenye taarifa ya namna hiyo aifikishe mara moja kwa wahusika, na Conte mwenyewe, kwenye vyombo vya soka, hakuadhibiwa kwa kupanga matokeo, aliadhibiwa kwa kutoripoti.

Taarifa ya namna hiyo inawezekana. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Côte d'Ivoire, CAF ilimfungia kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, mechi nane kwa sababu ya kauli zake kuhusu ushawishi wa Morocco ndani ya shirikisho hilo. TFF nayo ikamsimamisha, na haikuwaacha Watanzania wakikisia: papo hapo ilimtaja Hemed Suleiman kuwa kaimu kocha mkuu na Juma Mgunda kuwa msaidizi wake. Siku chache baadaye Stars walitoka sare ya 1-1 na Zambia, kwa bao la Simon Msuva, kisha 0-0 na DR Congo. Mtu angeweza kupinga uamuzi wenyewe, lakini alijua kocha ni nani na kwa nini.

Ushauri wangu ni kwamba msiandamane kwenda uwanja wa mazoezi. Isomeni katiba ya klabu yenu muone inasema nini kuhusu wanachama kuomba maelezo au kuitisha mkutano wa dharura, kisha tawi lenu limwandikie katibu mkuu barua yenye maswali hayo manne, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki tawini. Barua yenye muhuri ni vigumu kuijibu kwa maneno ya "subirini".

*Mhariri, kocha wetu amefungiwa mechi kadhaa baada ya kumtolea mwamuzi maneno makali. Mechi iliyopita nilikuwa jukwaani karibu naye: muda wote alikuwa na simu sikioni, na kila alipoisogeza mdomoni, meneja wa timu aliyekuwa benchi naye aliinua yake, kisha akamnong'oneza msaidizi. Tulishinda, lakini sikuwa na amani. Inaruhusiwa? Shabiki, Kisumu.*

Hapana, ndugu yangu, na wasiwasi wako una msingi. Kwa kanuni za nidhamu za FIFA, kocha aliyefungiwa mechi anaweza kukaa jukwaani mbali na uwanja, lakini haruhusiwi kuingia vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya wachezaji wala eneo la ufundi kabla ya mechi au wakati wa mechi, na haruhusiwi kuwasiliana na wachezaji au benchi kwa njia yoyote. Angalieni pia kanuni za ligi yenu, maana ndizo atakazozisoma kamishna wa mechi. Mazoezi ya katikati ya wiki ni suala jingine. Adhabu ya idadi ya mechi kwa kawaida haimzuii kufundisha, ila adhabu ya kutojihusisha na shughuli zote za soka humzuia kabisa.

Jaribu la kukwepa si geni. Mwaka 2005 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilimfungia kocha wa Chelsea, José Mourinho, mechi mbili, na klabu hiyo ilikuwa na robo fainali dhidi ya Bayern Munich. Wakati wa mechi ya London, kocha wake wa viungo, Rui Faria, alivaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, na maofisa wakashuku kwamba chini yake kuna kifaa cha mawasiliano. Miaka mingi baadaye Mourinho alieleza kwamba siku hiyo alijificha chumbani kwa wachezaji na kutolewa ndani ya kapu la nguo chafu. Watu wanacheka wakisimulia kisa hicho, lakini kwa klabu ya kawaida ya kwetu simu moja jukwaani inaweza kuongeza adhabu ya kocha na kuiletea klabu faini. Mwambieni meneja wenu mapema, kabla hajaambiwa na kamishna.

*Ndugu Mhariri, uongozi wetu umewasimamisha makocha wote wa kigeni na inasemekana unataka kuvunja mikataba yao ili usiwalipe. Mimi nasema waondoke tu, timu imetuchosha. Mwenzangu anasema tutakuja kulia. Nani ana haki? Msomaji, Tanga.*

Mwenzako ana haki. Matokeo mabaya peke yake ni sababu dhaifu sana ya kuvunja mkataba bila fidia. Kocha wa kigeni anaweza kuifikisha klabu kwenye Baraza la Soka la FIFA, na klabu ikishaamriwa kulipa isipolipa ndani ya siku 45, hufungiwa kusajili wachezaji hadi ilipe, kwa muda unaoweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo. Kocha mzawa ana vyombo vya TFF na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi wa FIFA ana siku 21 za kukata rufaa kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, iliyoko Lausanne.

Jirani zetu wameshayaona. Mwezi Agosti 2014 Shirikisho la Soka la Kenya lilivunja benchi lote la Harambee Stars baada ya timu kutolewa na Lesotho katika kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Kocha mkuu alikuwa huyo huyo Amrouche, ambaye mkataba wake ulikuwa haujaisha. Mashabiki wengi walishangilia. Shauri lilisikilizwa FIFA na CAS, na kufikia mwaka 2020 shirikisho lilikuwa likidaiwa zaidi ya Sh100 milioni za Kenya, fedha ambazo zingelipia mambo mengi ya soka la vijana. Klabu za Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards, nazo zimewahi kufungiwa kusajili kwa madeni ya watu waliokwisha kuondoka.

Kwa hiyo, kabla ya kusema waondoke, ulizeni mikataba ina muda gani uliobaki, kifungu cha kuvunja kinataka fidia kiasi gani, na mshahara wa miezi ya kusimamishwa umelipwa au la. Mwenyekiti wa tawi lako aulize maswali hayo kwenye kikao kijacho, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, na aombe majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.